Mvua ya Shelisheli Katika Rejista Yetu

Jumamosi, Septemba. Saa sita mchana.

Jua kali. Anga jeupe, halina hata wingu la kusingiziwa. Upepo wa vumbi unatoka upande wa Dutwa na kutua moja kwa moja kwenye chai yangu. Moyo wangu mchafu kuliko chai yenyewe. Hiyo ndiyo hali ya hewa ya leo hapa kwetu, na nimeijua kwa kuangalia nje ya dirisha, jambo ambalo katika shule yetu linahesabika kuwa uvumbuzi.

Maana kwa mujibu wa rejista ya hali ya hewa ya shule, Septemba huku kwetu hunyesha. Agosti hunyesha. Julai nayo, eti, hunyesha. Ukiisoma rejista ile bila kutujua utadhani tunaishi ufukweni, tunakula pweza, tunaacha milango wazi tukingoja upepo wa kusi uingie.

Tuko Simiyu jamani. Tunakula michembe, viazi vya kukausha.

Tangu Alhamisi nimenuna. Nimesonya mpaka midomo imekauka. Nimemdharau kila niliyekutana naye, kuanzia mtaalamu aliyekuja na miwani yake ya jua mpaka kuku wa mkuu wa shule, na leo asubuhi orodha ikafika mahali ambapo sikutaka ifike. Kwa hiyo ngoja niandike yote, nikiwa bado na hasira, kabla sijaanza kujitetea.

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Ni mkuu wa idara pia, idara yenye walimu wawili, kwa hiyo ukuu wenyewe ni wa kumtawala mtu mmoja. Shule yetu iko ndani kidogo kutoka barabara ya Bariadi, pembeni ya kijiji nilichozaliwa, na mama yangu bado anaishi pale pale. Miaka minne iliyopita wageni fulani walituletea kituo cha hali ya hewa. Neno kituo ni kubwa. Ni kisanduku cheupe juu ya miguu minne, ndani kina vipimajoto, na pembeni kuna kipima mvua: kopo la chuma lililofukiwa nusu ardhini, lenye chupa ndani na faneli juu. Kazi yake ni nyepesi kuliko kufagia uwanja. Kila asubuhi saa tatu unatoa chupa, unapima maji, unaandika. Kama hakuna maji unaandika sifuri.

Mwezi wa kwanza tulipima. Mwezi wa pili wapishi wakaazima faneli ya kumiminia mafuta ya kupikia, na ikawa ndiyo kwaheri. Naiona kila siku inaning'inia jikoni juu ya sufuria la maharage. Nimeshawahi kuicheka. Niliwaambia walimu wenzangu kwamba mvua ya shule yetu siku hizi inanyesha mafuta ya alizeti, tukacheka wote, tukaenda kula. Kisanduku nacho kilipata mpangaji: tetea mmoja wa mkuu wa shule aliingia humo akatotoa vifaranga mara mbili.

Faneli jikoni, kuku kwenye vipimajoto, lakini rejista ikaendelea kujaa.

Aliyekuwa anaijaza ni Mwalimu Sitta, huyo mmoja ninayemtawala. Sitta ni mtu wa Malampaka, anajisifu amekulia karibu na reli, kana kwamba treni ilikuwa ikipita inamfundisha. Anapenda aitwe Sir. Anavaa tai kwenye jua hili. Na ana mwandiko, lazima niseme, mwandiko mzuri wa kuudhi. Tarakimu zake zimesimama wima kama askari wa gwaride, mistari amepiga kwa kalamu nyekundu, kila mwezi na ukurasa wake. Kila mgeni akija anaonyeshwa rejista. Kila mgeni anatikisa kichwa kwa heshima. Mmoja alitutumia hata cheti, kituo bora cha shule, na mkuu wa shule akakitundika ofisini juu ya kiti chake ili ukiongea naye ukione chenyewe kwanza.

Sasa nije kwenye lambo.

Kijiji chetu kimeomba lambo tangu mimi sijaanza shule. Mvua zetu zinaanza mwishoni mwa Oktoba au Novemba zikipenda, zinapumzika Februari wakati mahindi yanapozihitaji zaidi, zinarudi Machi, Mei zinaaga. Baada ya hapo ni jua na vumbi mpaka zirudi tena. Mto wetu unakuwa barabara ya mchanga. Wanawake wanachimba mashimo kwenye huo mchanga, wanakaa wakingoja maji yajikusanye kidogo kidogo, wanachota kwa kikombe. Ng'ombe wanapelekwa mbali mpaka wanarudi wamekonda kwa safari yenyewe. Mama yangu ana goti bovu, na goti hilo limeharibikia mtoni, kwa kupiga magoti kwenye mchanga miaka yote hiyo.

Mwaka huu likapatikana lambo moja. Moja tu, na vijiji viwili vinaligombea, sisi na wenzetu wa ng'ambo ya barabara, ambao tayari wana kisima cha pampu. Timu ya wataalamu ikaja kupima, kuuliza, kuchukua kumbukumbu. Wako Bariadi mjini mpaka Jumatatu mchana, ndipo wanafunga ripoti yao na kuondoka. Alhamisi walikuja kutoa majibu ya awali kwa wananchi, kwenye uwanja wa shule yetu.

Kiongozi wao kijana wa miwani ya jua, shati limenyooshwa, viatu vyeupe. Viatu vyeupe, Septemba, Simiyu. Hapo tu ningejua. Alibandika karatasi kubwa ubaoni akasimama pembeni yake akiwa amejiamini kama mchumba aliyeshalipa mahari.

"Wananchi, kwanza nawapongeza," alisema. "Nimezunguka kata nyingi, sijaona shule inayotunza takwimu kama hii. Na takwimu zenu zinatuambia nini? Zinatuambia kwamba nyinyi mvua mnayo. Mnayo mwaka mzima. Shida yenu ni uvunaji. Vuneni maji ya paa!"

Maji ya paa. Nusu ya mapaa ya kijiji ni nyasi.

Watu wakaanza kunong'onezana kwa Kisukuma. Nilimsikia mzee mmoja nyuma yangu akimwambia mwenzake taratibu, bila utani wowote, "Labda inanyesha usiku, tukiwa tumelala." Nilitaka kucheka. Ndipo nikaitazama ile karatasi vizuri kwa mara ya kwanza.

Ilikuwa grafu. Baa kumi na mbili za mvua, mstari wa joto juu yake. Baa ya Januari ndefu kuliko zote. Zinashuka taratibu, Julai ndiyo fupi, lakini ipo, haijakauka, halafu zinapanda tena kuelekea Desemba. Na mstari wa joto umelala kama kamba ya kuanikia nguo, Januari mpaka Desemba hautikisiki.

Naijua grafu hiyo. Naijua kama ninavyoijua sala ya Baba Yetu. Naichora kwa chaki kila mwaka kidato cha tatu, somo la tabianchi ya visiwa vya tropiki, mfano: Shelisheli. Naeleza jinsi upepo wa kaskazi unavyoleta unyevu na mvua kubwa kuanzia Desemba, jinsi kusi inavyokuja Mei na hewa iliyopoa kidogo na bahari iliyochafuka, jinsi milima inavyokamata mawingu hata miezi ile inayoitwa ya kiangazi, na jinsi bahari pande zote inavyolizuia joto lisipande wala kushuka sana. Watoto wanakariri. Watoto ambao hawajawahi kuona maji mengi kuliko jaruba la mpunga wanakuimbia kaskazi na kusi bila kukosea. Mwaka jana binti mmoja aliuliza, "Madam, huko kisiwani shimo la maji wanachimba wapi?" Nikamwambia asome swali lililoulizwa.

Na sasa Shelisheli nzima ilikuwa imebandikwa ubaoni uwanjani kwetu, juu yake limeandikwa jina la kijiji changu.

Niliduwaa. Na wakati nimeduwaa, mama yangu akasimama.

Mama si msemaji. Mikutanoni hukaa na wanawake wenzake, akipenda jambo anaitikia, asipopenda anatazama chini. Alhamisi alisimama, akashika goti lake, akasalimia. "Mwangaluka, baba." Halafu akasema kwa Kiswahili chake cha polepole, "Mimi hayo ya ubaoni siyajui. Ila mwezi wa saba wote nilikuwa naenda mtoni. Nilichimba mchanga mpaka mkono unazama hapa." Akaonyesha begani. "Sasa hiyo mvua ya mwezi wa saba ilinyesha wapi?"

Wanawake wakapiga vigelegele. Yule kijana akatabasamu, tabasamu lile la kumvumilia mtu.

"Mama, kumbukumbu za kichwani huwa zinachanganya miaka. Maandishi hayachanganyi." Akachukua rejista mezani, akaifungua kwenye Julai. "Hapa imeandikwa ilinyesha siku kumi na moja. Na si kuandikwa tu, imehakikiwa." Akasogeza miwani, akasoma kwa sauti jina la mhakiki.

Jina langu. Kamili, mpaka la ukoo.

Hilo nilikuwa sijalisema bado. Mkuu wa idara ndiye anayehakiki. Kila ukurasa chini una mstari, na kwenye mstari kuna saini yangu, kurasa zote, miaka minne. Mimi Kabula, niliyepewa jina hili kwa sababu nilizaliwa mvua ikinyesha, nimetia saini mvua ambayo haikunyesha.

Mama aligeuka kunitafuta. Sisi walimu tulikuwa tumekaa kwenye viti, kivulini mwa ukuta wa maabara, kama watu wa maana. Alinitazama. Si kwa muda mrefu. Halafu akamgeukia yule kijana.

"Kama ni Kabula ameandika, basi ilinyesha," alisema. "Mimi ni mzee, nasahau. Mnisamehe."

Akakaa.

Mkuu wa shule akaongoza makofi. Makofi! Watu wakapiga, maana kwetu mkubwa akipiga makofi unapiga, na vigelegele vikafa, na yule kijana akafunga rejista taratibu kama anafunga Biblia.

Nami nikakaa kimya.

Sikuwa nimezibwa mdomo. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na miguu miwili ya kusimamia na sauti inayofika darasa la mwisho. Nilitazama viatu vyangu mpaka mkutano ukafungwa, nikaondoka kupitia nyuma ya maabara ili nisikutane na mama.

Ijumaa nilimfuata Sitta ofisini. Nilienda na hasira ya mtu mwenye haki, hasira tamu kabisa. Nilimwekea kitabu cha kidato cha tatu mezani, wazi kwenye grafu ya Shelisheli, nikaiweka rejista kando yake, nikamwuliza kama ana la kusema.

Alirekebisha tai. "Madam, usiwe na jazba. Mimi sikubuni. Kubuni takwimu ni kosa kubwa la kitaaluma. Nilinukuu."

Nilinukuu! Loo. Nilisonya mpaka mhasibu chumba cha pili akachungulia. Ila Sitta alikuwa na hoja, na alikuwa anazijivunia. Faneli ilipopotea, alisema, alifikiri kama mwanajiografia. Alitafuta nchi iliyo kusini mwa Ikweta na karibu na Ikweta, kama sisi. Akaona latitudo zinakaribiana. Akaona hata mawe, kule nako wana mawe makubwa ya mviringo kama haya ya Usukumani. Nikamwuliza, "Na bahari je?" Akajibu bila kupepesa jicho, "Sisi tuna Ziwa."

Latitudo! Shahada ya ualimu, tai shingoni, na mtu anafikiri mvua inagawiwa kwa latitudo kama sukari ya msibani, kila aliye kwenye mstari anapata fungu sawa. Kidato cha kwanza tunawafundisha watoto kwamba umbali kutoka baharini ni kitu. Tunawapa na mtihani.

Tena alifanya kazi kwa bidii, mshenzi huyu. Kitabu kina jumla za mwezi tu, kwa hiyo alikaa akazigawa siku kwa siku kwa mkono wake, hapa nyingi, hapa kidogo, hapa siku tatu kavu ili ionekane ya asili. Nilimkalisha pale nikasoma rejista yote, ukurasa kwa ukurasa, kwa mara ya kwanza tangu iletwe. Novemba ile ambayo mvua ilibeba kalavati na shule ikafungwa siku mbili, yeye ameandika manyunyu. Februari ile ambayo mahindi ya mama yalikauka yakiwa yamesimama, yeye kamwaga mvua nzito wiki nzima. Na katika miaka minne haijanyesha Jumapili hata moja. Nikamwuliza kwa nini.

"Jumapili mimi si niko kwaya."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumshushua, maneno yamejipanga, mazuri, nilikuwa nimeyaandaa tangu usiku. Akaniwahi. Na hakusema kwa ubaya, hapo ndipo paliponiuma. Alionekana anashangaa kweli.

"Lakini Madam, wewe si ndiye unayefundisha hiyo grafu? Mimi nilidhani umejua siku zote. Nilidhani tunaelewana."

Nilikusanya vitabu vyangu nikatoka.

Nilienda kwa mkuu wa shule. Nilimweleza yote, yeye ananisikiliza, cheti kinanitazama. Alipumua. "Madam Kabula, funika kombe mwanaharamu apite. Tukisema rejista ni ya uongo, shule imekwisha, wewe umekwisha. Malambo yatakuja mengine." Mtu huyu ana mapipa matatu nyuma ya nyumba, na hajawahi kujaza hata moja kwa mkono wake. Wanafunzi ndio wanaomchotea. Bila shaka malambo yatakuja mengine, kwa mtu asiyejua njia ya mtoni iko upande gani.

Basi jana jioni nilikuwa na watu watatu wa kuwadharau, na niliwadharau kwa zamu, na kila nikimaliza zamu nilikuta kuna mtu wa nne amekaa ananingoja. Nyani haoni kundule. Nimewafundisha watoto methali hiyo pia.

Ngoja niseme ukweli kama ulivyo. Nilikuwa natia saini Ijumaa mchana, kurasa kwa mkupuo, nimesimama, begi begani, nikiwahi basi la kwenda Bariadi mjini. Sikusoma hata mstari. Ningesoma ukurasa mmoja tu, Julai mmoja, ningejua. Hakuna mtu mwingine katika kata nzima ambaye angejua kwa kutazama mara moja, ila mimi. Sikusoma kwa sababu niliidharau kazi yenyewe. Nilidhani rejista ni ya wageni, ni pambo, kama maua ya plastiki kwenye meza ya mkuu. Nimeomba uhamisho wa Mwanza mara tatu. Kila nikiangalia kile kisanduku cheupe na kuku ndani yake nilijiambia, hawa ndio watu wa kwetu, hawatabadilika, mimi napita tu hapa. Napita kwenye kijiji nilichozaliwa! Mtu anayedharau mahali hawezi kuona kinachoandikwa kuhusu mahali hapo. Sitta angalau alipoteza jioni zake kuigawa ile mvua. Mimi sikutoa hata dakika tano za kuikataa.

Leo asubuhi nimeenda kwa mama.

Sikumkuta nyumbani. Nikashuka mtoni nikamkuta kwenye shimo lake, amepiga goti moja, lile bovu amelinyoosha pembeni, mkono umezama mchangani mpaka begani, vile vile alivyoonyesha mkutanoni. Kikombe chekundu cha plastiki. Ndoo imejaa robo. Nilimsalimia, akaitikia bila kuinua kichwa, "Mhola," akaendelea kuchota.

Nilikaa kwenye mchanga nikamwambia yote. Faneli, kitabu, Shelisheli, saini. Nilimweleza Shelisheli ni nini, nchi ya visiwa katikati ya bahari, huko mvua haikauki hata Julai. Nilisema, "Mayu, haikunyesha. Hukusahau. Kichwa chako ni kizima, mimi ndiye niliyesaini uongo." Nilikuwa nalia, na hilo naliandika kwa sababu nimeamua kutoficha kitu hapa. Nilichokuwa nalilia zaidi ni lile neno lake, nasahau. Siku mbili nimebeba picha ya mama yangu akikaa chini na kuanza kutoyaamini macho yake mwenyewe kwa sababu ya jina langu.

Alimwaga kikombe kwenye ndoo. Akanitazama kwa namna ambayo, kama angekuwa mtu mwingine, ningeiita dharau.

"Wewe umesoma lakini huna akili," alisema. "Unadhani mimi sijui kama ilinyesha? Mwezi wa saba nimekaa hapa, hapa ulipokaa wewe. Nasahau nini?"

Sikumwelewa. Ni kweli, mtu mwenye diploma na shahada, sikumwelewa.

"Yule kijana alitaja jina lako mbele ya kijiji," alisema. "Ningesema haikunyesha, ningekuwa nimesema mwanangu ni mwongo. Watu wote wale wamekaa. Nikaona bora niwe mimi mzee niliyesahau."

Jamani.

Lambo ambalo kijiji kimeliomba tangu mimi sijaanza shule. Goti lile. Lambo hilo alilipima pale pale, amesimama mbele ya watu, kwa muda wa kunitazama mara moja, akalitoa, ili mimi nibaki mtu wa heshima kwenye kiti changu cha kivulini. Na mimi nikalipokea nikanyamaza, nikapita nyuma ya maabara.

Nilitaka kuomba msamaha. Alinikatiza kwa mkono wenye mchanga. "Uongo wangu mmoja nimeshausema. Kesho kabla ya misa nitamwambia padri, atanipa adhabu yangu, nitaisali. Lakini wa kwako padri haumhusu. Wale watu wanaondoka lini?"

"Jumatatu mchana."

"Haya."

Alirudi kuchota, na mimi nikakaa pale kama mzigo. Nikawaza mlango wa ofisi yao Bariadi mjini, saa mbili asubuhi, rejista kwapani na kitabu cha kidato cha tatu mkononi. Nikawaza nitakavyomfungulia yule kijana ukurasa baada ya ukurasa, mpaka avue miwani. Nikawaza atakaponiuliza, na ataniuliza, huyu mhakiki ni nani. Kazi inaweza kuondoka. Uhamisho wa Mwanza ndio usahau. Mkuu wa shule hatanisalimia tena, hilo halinipunguzii kitu. Na inawezekana wakanisikiliza, wakanishukuru, na lambo wakalipeleka ng'ambo ya barabara vile vile, kwa sababu kijiji chenye rejista ya uongo ni nani atakayekiamini hata kikisema kina kiu.

Naogopa. Niliwacheka wote siku tatu hizi na mwoga kuliko wote ni mimi.

Ndoo ilipojaa mpaka mdomoni mama alisimama kwa awamu, mkono kwanza, goti zima, halafu lile bovu. Akakunja kata yake ya kitenge, akaiweka kichwani. Nikainuka haraka nikanyoosha mikono nimpokee ndoo. Ningeibeba mpaka nyumbani, ningeibeba siku zote za maisha yangu, kwa wakati ule ningefanya lolote.

Akaivuta upande wake.

"Acha," alisema. "Utanipokea Jumatatu, ukirudi."

Akajitwika mwenyewe, akapanda kingo za mto akichechemea, na mimi nikamfuata nyuma mikono mitupu mpaka nyumbani.